Waya Mwembamba Katika Mji wa Shaba

Hotuba kwa wazazi, walimu na vijana wa ufundi, komini ya Kenya, Lubumbashi

Jambo yenu, baba na mama. Jambo yenu, walimu. Vijana wangu, jambo.

Naomba walio mbele waipitishe hii mpaka kwa walio nyuma. Ishikeni kwenye kingo, msiguse pini. Ni ubao mmoja tu, karibu ukubwa wa kadi ya benki, lakini ni kompyuta kamili. Ina mahali pa kuchomeka kibodi, pa kuchomeka televisheni, pa kuingiza kadi ndogo ya kumbukumbu. Inaitwa Raspberry Pi. Hiyo iliyo mikononi mwenu ni Pi 3, na mwezi uliopita ilitangazwa kuwa imekufa.

Aliyeniletea ni kijana wa komini ya Katuba. Aliinunua kwa franga alizokusanya kwa kuuza yunite za simu kando ya barabara, karibu mwaka mzima. Alikuja jioni, ameifunga ndani ya kitambaa, akaniambia: "Mwalimu, imekufa. Naiwasha, inaonyesha rangi, inazimika. Inaonyesha rangi, inazimika." Alikuwa amekwisha kupata mtu wa kuinunua kama chuma chakavu, ili aanze kukusanya upya. Nikamwomba anionyeshe kebo anayoiwashia. Akatoa kebo nyeupe ya simu, nyembamba kama kamba ya kiatu cha mtoto. Nikachukua kebo yangu, fupi na nene, nikachomeka ubao uleule, kadi ileile, chaja ileile. Ikawaka, na baada ya dakika moja hivi meza ya kazi ikatokea kwenye skrini. Kijana aliinamisha kichwa mezani akalia. Machozi yale ndiyo yaliyonifanya niombe nafasi ya kusema nanyi leo.

Nasema hivi, na nimelishuhudia mara nyingi: kompyuta hizi hufa mara chache sana. Kinachoharibika ni kile kinachozilisha, yaani waya, chaja na kadi. Na mtu asiyejua hilo hutupa ubao mzima, kisha hutumia fedha za chakula kununua mwingine ambao nao "utakufa" kwa waya uleule.

Kompyuta hii ilianza kuuzwa Uingereza tarehe 29 Februari 2012, kwa dola 35. Eben Upton na wenzake wa Cambridge walikuwa wameona kwamba vijana wanaoomba kusomea kompyuta wanapungua, na kwamba wanaokuja hawajawahi kuigusa kompyuta kwa ndani. Bei ile ilichaguliwa kwa makusudi, ili mtoto aweze kujaribu, kukosea na kujaribu tena, bila hofu kwamba akiiharibu nyumba nzima itaumia. Ni wazo zuri na nalipenda. Lakini ubao huo ukishafika kwetu, ukishapita mipaka na mikono ya wauzaji, ukaongezewa chaja, kadi na kibodi, hofu inarudi. Huku kwetu ukiharibika, nyumba inaumia. Kwa sababu hiyo, mtoto wa Lubumbashi anahitaji kuijua kompyuta hii vizuri zaidi kuliko mtoto wa Cambridge.

Sasa tuje kwenye waya.

Sisi ni watu wa shaba. Mababu waliiyeyusha na kuimimina kuwa misalaba iliyotumika kama fedha. Mji huu ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili yake, na tangu 1971 hadi 1997 mkoa wetu wenyewe uliitwa Shaba. Wengi wenu mna baba au babu aliyefanya kazi chini ya lile dohani la kiwanda cha shaba. Na hapa, katika mji huu, kompyuta za watoto wetu zinazimika kwa sababu ndani ya kebo hamna shaba ya kutosha! Hilo linaniuma, na nataka tulielewe mpaka mwisho.

Waya wowote huzuia umeme kidogo. Ukiwa mwembamba huzuia zaidi, ukiwa mrefu huzuia zaidi. Chukua waya wa shaba wenye kipenyo cha milimita 0.32, ambao ni wa kawaida sana ndani ya kebo za bei rahisi. Kila mita yake ina ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, wa omu 0.21 hivi. Kebo ya mita moja ina njia mbili, ya kwenda na ya kurudi, kwa hiyo umeme unasafiri mita mbili: omu 0.42. Pi 3 ikifanya kazi nzito hunywa karibu ampea 1, yaani kipimo cha wingi wa umeme unaopita. Zidisha. Umepoteza volti 0.42 njiani. Chaja ilitoa volti 5, ubao umepokea 4.58. Na ubao huu umetengenezwa uanze kulalamika voltage, yaani msukumo wa umeme unaopimwa kwa volti, ikishuka chini ya 4.63. Hiyo ndiyo hesabu iliyomliza kijana wa Katuba. Badilisha waya uwe wa milimita 0.81, na kwa urefu uleule unapoteza chini ya sehemu moja ya kumi ya volti. Kuna kebo mbaya kuliko hizo, ambazo ndani yake ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu tu. Macho hayawezi kuitambua mpaka uikwaruze kwa kisu.

Mwenye umri wangu atakumbuka ile laini kubwa ya umeme iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutoka bwawa la Inga mpaka mji wa Kolwezi, kilomita kama 1,700. Kwa nini waliipitisha kwa volti 500,000? Kwa sababu voltage ikiwa kubwa, umeme uleule unabebwa kwa ampea chache, na ampea zikiwa chache, waya unakula kidogo. Ubao wetu uko upande wa pili kabisa wa hesabu hiyo: una volti 5 tu. Kila sehemu ya kumi inayopotea ni hasara inayosikika. Mhandisi wa laini ile na mtoto mwenye Pi wanasumbuliwa na kanuni moja.

Basi, kwa mwenye betri ya volti 12 nyumbani, ya pano ya jua au ya gari kuukuu, kanuni hii ina faida ya moja kwa moja. Usishushe voltage kule kwenye betri halafu ukavuta waya mrefu wa volti 5 mpaka mezani. Vuta volti 12 mpaka mezani, weka kigeuzi cha kushusha hadi 5 karibu kabisa na ubao, kisha malizia kwa waya wa kiganja kimoja. Kwa Pi 3 au Pi 4, kigeuzi kiwe na uwezo wa ampea 3. Nimeona darasa zima likitulia kwa kuhamisha kigeuzi tu.

Utajuaje kwamba tatizo ni umeme? Ubao wenyewe unasema. Kwenye pembe ya juu ya skrini hutokea alama ndogo ya radi. Wengi huiona wakadhani ni pambo. Ni kilio cha njaa. Kwenye Pi 3, taa nyekundu nayo hupepesa au huzima pale umeme unaposhuka. Ukitaka uhakika, fungua dirisha la amri uandike vcgencmd get_throttled. Jibu likiwa 0x0, umeme wako ni safi tangu ulipowasha. Likiwa 0x50000, umeme ulishuka wakati fulani na ubao ukapunguza mwendo ili usianguke. Likiwa 0x50005, uko chini sasa hivi unapousoma. Na ukiwa na multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, pima kati ya pini ya 2 na ya 6, zote za safu ya nje, ubao ukiwa kazini. Angalia ncha za multimita zisiunganishe pini mbili, maana hapo unaweza kuua kweli. Pima wakati unafungua programu nzito, maana ubao uliopumzika hunywa kidogo na utakudanganya.

Kila toleo lina njaa yake. Pi 3 inataka chaja ya ampea 2.5, Pi 4 inataka 3, na Pi 5, iliyotoka 2023, inataka 5. Chaja rasmi hutoa volti 5.1, hiyo sehemu moja ya kumi imeongezwa kwa ajili ya kile kitakacholiwa na waya.

Wengi wameniuliza kuhusu stabilizateri, kile kifaa cha kutuliza umeme wa nyumbani. Chaja nzuri hukubali umeme wa ukutani kuanzia volti 100 hadi 240, kwa hiyo jioni voltage ya mtaa ikishuka, yenyewe inavumilia. Ningeshauri fedha za stabilizateri ziende kwenye chaja nzuri na kebo nene. Kinachoiumiza kompyuta hii kuliko kushuka ni kukatika. Hapo tunaingia kwenye kadi.

Kompyuta hii haina diski. Mfumo wote unakaa kwenye kadi ndogo kama ukucha, ambayo unaiandaa kwenye kompyuta nyingine kwa programu iitwayo Raspberry Pi Imager. Umeme ukikatika wakati kadi inaandikwa, ukurasa unabaki nusu. Mara nyingine mfumo unajirekebisha unapowaka tena, mara nyingine hauwaki kabisa. Nasi tunajua delestaji yetu, yaani ule ukataji wa umeme kwa zamu, inavyokuja bila kubisha hodi.

Kwanza, mfundishe mtoto kuzima. Asichomoe. Aandike sudo poweroff au abonyeze kitufe cha kuzima kwenye skrini, angoje taa ya kijani itulie, ndipo achomoe. Taa ya kijani ni kadi inapofanya kazi. Ukichomoa inapepesa, unamnyang'anya mwandishi kalamu katikati ya neno.

Pili, kompyuta ikishakuwa imetengenezwa unavyotaka, na kazi yake ni ileile kila siku, kwa mfano kuwaonyesha wanafunzi masomo, funga kadi isiandikwe. Ndani ya raspi-config, programu ya mipangilio ya ubao, kuna chaguo la mfumo wa faili wa kufunika (Overlay File System). Ukiliwasha, kila kinachoandikwa kinakwenda kwenye kumbukumbu ya muda, na umeme ukikatika kadi inabaki kama ilivyokuwa asubuhi. Gharama yake ni kwamba kazi ya mtoto ya siku hiyo haibaki, kwa hiyo ahifadhi kwenye flashi ya pembeni. Kwa shule zetu, kwangu mimi, hili ni jambo la lazima. Nimeliona likiokoa mashine zilizokuwa zikifa kila wiki.

Tatu, chunguza kadi kabla ya kuiamini. Nilinunua sokoni kadi iliyoandikwa GB 64. Ilipokea mfumo, ikawaka, nikafurahi. Baada ya siku nne faili zikaanza kugeuka takataka. Nilipoipima kwa programu ya F3, ambayo huijaza kadi yote kisha kuisoma tena, nikakuta ndani kuna GB 8 tu. Kadi ilikuwa imefundishwa kusema uongo kuhusu ukubwa wake. Ukivuka kile ilichonacho kweli, inaandika juu ya maandishi ya zamani. Pimeni kila kadi siku ile ile ya kuinunua, muuzaji akiwa bado anaikumbuka sura yenu.

Ubao usipowaka kabisa, tazama ile taa ya kijani. Ikiwa nyekundu inawaka na ya kijani haigutuki hata mara moja, kwenye Pi 3 na za kabla yake maana yake kadi haisomeki: itoe, ipanguse, irudishe, au iandike upya. Taa ya kijani ikipepesa mara 4 kisha ikapumzika na kurudia, faili la kuanzishia halipo. Ikipepesa mara 7, kiini cha mfumo hakipo. Hesabuni pole pole, mara tatu mfululizo, kabla ya kuamua. Na skrini ikiganda kwenye zile rangi za upinde wa mvua, mara nyingi mfumo ni wa zamani kuliko ubao. Pi 4 ilitoka 2019. Kadi iliyoandaliwa 2018 haiwezi kuiwasha.

Televisheni isipoonyesha kitu, anza kwa kuiwasha televisheni kabla ya ubao. Kwenye Pi 4 tumia tundu la picha lililo karibu na tundu la umeme. Hayo yanatosha kwa skrini.

Sasa kuna jambo ambalo sijaona likielezwa kwa ajili yetu sisi, na linawavunja vijana moyo kuliko yote. Kibodi zetu ni za Kifaransa. Ubao huu umezaliwa Uingereza, na usipouambia vingine, unadhani kibodi yako ni ya Uingereza. Mtoto anaweka neno la siri "mama" ndani ya Imager. Anapoliandika baadaye kwenye kibodi yetu, ubao unasoma ;q;q. Nyota zinaonekana tu kwenye skrini, herufi hazionekani, naye anaapa kwamba ameandika sawa. Na kweli ameandika sawa! Chagueni kibodi ya Kifaransa ndani ya Imager, kabla kadi haijaandikwa. Palepale wekeni jina la mtumiaji na neno la siri, kwa sababu mafunzo mengi ya zamani yanasema ingia kwa "pi" na "raspberry", na jina hilo liliondolewa Aprili 2022. Palepale tena wekeni nchi ya WiFi. Kwenye matoleo mapya WiFi hubaki imefungwa mpaka nchi ijulikane. Yetu ni CD, yaani Kongo ya Kinshasa. Ukichagua CG, umejiandikisha Brazzaville.

Na saa. Kabla ya Pi 5, kompyuta hizi hazina saa inayotembea zikiwa zimezimwa. Zinauliza saa kwenye intaneti. Pasipo intaneti, zinaendelea kutoka dakika ile zilipozimwa, kama mtu aliyelala siku tatu akaamka akidhani bado ni Jumatatu. Halafu siku megabaiti zikipatikana, kabla saa haijarekebishwa, kurasa za intaneti zenye ulinzi zinakataa kufunguka, na mtu anailaumu kampuni ya simu. Tazama saa kwanza. Dawa ya kudumu ni moduli ndogo ya saa, DS3231, yenye betri ya sarafu, inayokaa kwenye pini. Ni kitu cha bei ndogo, na kwa kituo cha afya au shule inayoandika tarehe za watu, sioni jinsi ya kuishi bila hicho.

Nimetaja pini. Hapa ndipo ubao unaweza kufa kifo cha kweli, kwa hiyo sikilizeni, hasa mnaotoka kwenye redio na amplifaya. Pini za kazi zinavumilia volti 3.3 tu. Volti 5 zikiingia kwenye pini ya kazi, hiyo pini imekwenda, na huenda ubongo wote ukaenda nayo. Pini haina fyuzi ya kukusamehe. Chora kwanza kwenye karatasi, mwenzako asome mchoro, unganisha ubao ukiwa umezimwa, ndipo uwashe. Na msimu wa mvua unaanza. Radi ikianza kunguruma upande wa Kipushi, chomoeni kila kitu ukutani, antena pia.

Mama mmoja aliniuliza mlangoni: vyote hivi ni vya nini? Nitamjibu kwa kitu kilicho kwenye kona ile. Ile Pi 4 pale haina intaneti. Ndani yake kuna programu iitwayo Kiwix, na kamusi elezo ya Wikipedia kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Ile ya Kifaransa, pamoja na picha zake, inazidi GB 30. Ilipakuliwa mara moja tu, usiku, kwa mwenye laini nzuri, ikanakiliwa kwenye diski. Ubao unatoa WiFi yake wenyewe. Simu yoyote iliyo ndani ya ukumbi huu inaweza kuunganika sasa hivi na kusoma, bila yunite hata moja kupungua. Mwalimu wa biolojia anayefundisha darasa lenye kitabu kimoja anaweza kuwaonyesha wanafunzi wake moyo wa binadamu, kwa rangi, kila mmoja kwenye simu ya nyumbani kwao. Imekaa kazini tangu alfajiri, kwa betri ya volti 12 na waya wa kiganja kimoja.

Nimesema ya kutosha. Kwenye meza hii kuna multimita mbili, ubao mmoja, na chaja moja ya volti 5.1. Niliwaomba mje na kebo mnazotumia nyumbani. Tutachomeka moja moja, ubao ukifanya kazi nzito, na tutaandika kwenye plasta nambari tuliyoisoma. Iliyo juu ya 4.63 itapata plasta nyeupe. Iliyo chini itapata nyekundu, irudi kuchaji simu, isiguse kompyuta tena. Atakayeshika multimita ni kijana wa Katuba, yuko hapa safu ya kwanza, na ubao mliokuwa mnaupitisha ni wake, naomba umrudie. Mama uliyeuliza mlangoni, karibu, tuanze na kebo yako.